Mwalimu Aliyejua Nani Ataingia

Alikuwa na mazoea ya kuvunja chaki. Hakuzivunja kwa hasira, maana sikumwona amekasirika hata siku moja, na hilo ni mojawapo ya mambo ambayo sijamsamehe. Mwanafunzi wa kidato cha sita aliitwa mbele, na mwalimu akamtazama kama wachinjaji wa soko la Wandegeya wanavyomtazama mbuzi, wakikadiria nyama bila mizani. Kisha akachukua chaki kwenye sanduku. Ukipewa nzima, wewe ulikuwa wa chuo kikuu. Nenda kaandike chaguo lako la kwanza ukalale. Akiivunja katikati akakupa nusu, basi utafute chuo cha biashara au cha ufundi. Akikuwekea mkononi kile kichwa cha chaki, kile ambacho hakimalizi neno moja kabla kucha haijakwaruza ubao, ulikuwa umeelewa. Ulifunga mkono, ukarudi kukaa, na wenzako wakatazama madaftari yao kwa heshima ile watu wanayompa mfiwa.

Tulimwita mwalimu wa hesabu. Tuliomwita hivyo tulikuwa sisi wa shuleni, na askari polisi wa kambi yetu ya Wandegeya, na wake zao, na wauza nyanya waliokuwa na mtoto mwenye akili nyumbani, kana kwamba Kampala nzima ilikuwa na mwalimu mmoja tu wa hesabu na wengine wote walikuwa wapiga kengele.

Lazima nieleze mambo yalivyokwenda miaka ile ya utawala wa jeshi. Mtu alichagua chuo kabla ya kufanya mtihani. Uliandika vyuo kwa mpangilio, cha kwanza, cha pili, cha tatu, na matokeo yalipotoka kila chuo kiliwatazama kwanza wale waliokiandika juu. Nafasi zikijaa, basi. Aliyeweka kitivo cha tiba mbele akakosa, akashuka kwenye chaguo lake la pili, alikuta viti vimekaliwa na watu wa kiasi waliokitaka chuo hicho tangu mwanzo. Aliweza kurudi nyumbani mikono mitupu, na alama ambazo wenzake walioingia waliziota tu. Kwa hiyo kosa la kuogopa halikuwa kufeli. Kosa la kuogopa lilikuwa kutamani kupita kipimo chako. Na palipo na hofu ya namna hiyo, mtu wa kukupima huwa na thamani kuliko mtu wa kukufundisha.

Naye alikuwa hakosei. Hili kila mtu alilisema. Nililisema mimi pia, kabla sijajua maana yake.

Jumapili baada ya ibada wazazi walikwenda kwake Mengo. Nyumba yake ilikuwa chini ya ukuta wa jumba la kifalme, lile ambalo wanajeshi walikuwa wameligeuza kambi, kiasi kwamba ukikaa barazani kwake ulisikia kuruta wakihesabu hatua. Wazazi walikaa kwenye mikeka, watoto wao wamevaa sare siku isiyo ya shule. Yeye alitoka na koti lake la kahawia, viatu vimeng'arishwa kwa masizi na mafuta ya taa kwa sababu kiwi haikupatikana tena hata kwa magendo, akawaita mmoja mmoja.

Nilimsikia mke wa koplo mmoja akimuuliza, "Mwalimu, mtoto yangu iko na akili?"

"Akili iko, mama. Iko mingi."

"Sasa ataingia?"

"Akili haiingii peke yake, mama. Inaingia na mtu."

Neno hilo lilitembea. Wiki iyo hiyo nililisikia sokoni, mwanamke akilirudia juu ya kilima cha viazi kama hekima ya mababu, na wote waliomzunguka wakatikisa vichwa. Akili haiingii peke yake. Ningependa kujua ni mara ngapi nchi imeuawa kwa sentensi nzuri kama hiyo, yenye mizani, inayokaa vizuri mdomoni.

Maana alama zilikuwa mwanzo tu wa hesabu yake. Aliuliza baba anafanya kazi wapi. Aliuliza mjomba ana cheo gani, na kwenu ni upande gani wa Nile. Aliuliza kwa upole, kama daktari anayekuuliza panapouma, na wewe ukajibu kwa upole, ukimwonyesha. Kulikuwa na kijana darasani kwa dada yangu ambaye baba yake alikuwa mmoja wa wale tuliowaita mafutamingi, waliopewa maduka ya Wahindi baada ya wenyewe kufukuzwa. Kijana huyo alishindwa kugawanya mia kwa nne bila kutazama dirishani. Alipewa chaki nzima. Darasa lilicheka, mwalimu hakucheka, na mwaka uliofuata kijana akaingia chuo kikuu akiwa amevaa miwani ya jua. Watu wakasema: unaona, mwalimu aliona mbali. Hakuna aliyesema: mwalimu alikubali.

Na tafadhali asije mtu kuniambia alikula rushwa. Wazazi walimletea sukari wakati sukari ilikuwa kama dhahabu, walimletea sabuni, chumvi, mara moja hata jogoo. Vyote alivipeleka jikoni shuleni, na mpishi alitupikia uji mtamu ambao hatukujua umetoka machozi ya nani. Laiti angekuwa mla rushwa! Mla rushwa unaweza kumbadilisha mawazo. Huyu alikuwa mtu safi, na usafi wake ulikuwa kama kufuli.

Alikuwa na mzaha pia, sitamnyima. Chaki zilipotoweka mjini alikausha muhogo juani akaandikia ubaoni, na zoezi lake la kuvunja likaendelea vilevile, sasa kwa muhogo. Kijana mmoja alipopewa kichwa aliuliza, "Mwalimu, hiki changu naweza kupika?" Darasa likaangua kicheko, na mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. "Pika," alisema, "lakini usitegemee kushiba." Nasi tukacheka tena. Tulicheka! Kijana yule alikuwa anataka kuwa mhandisi wa madaraja. Leo anauza vipuri vya baiskeli karibu na stendi, na bado anaisimulia hadithi hiyo kama kichekesho chake bora.

Kiswahili alikichukia. Yeye alikuwa Mganda wa Mengo, na kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu anayekusimamisha barabarani na bunduki. Lakini sisi watoto wa kambi, ambao mama zetu walitoka Bombo na Gulu na Arua na wengine Kisumu, tulikuwa hatuna lugha nyingine ya pamoja, kwa hiyo alijifunza ili azungumze na wazazi wetu. Alikisema polepole, akichanganya l na r, na kwa heshima ambayo askari hawakuwa nayo. Hakuna mwalimu mwingine aliyejisumbua hivyo. Ninalisema hili kwa sababu ni kweli. Nalisema pia kwa sababu alijifunza lugha ya mama yangu ili aje kumwambia, kwa lugha hiyo, alichomwambia.

Na kuna siku ile ya askari. Walikuja na gari la jeshi wakati wa kipindi chake, wakimtafuta kijana wa kidato cha tano ambaye kaka yake alisemekana kukimbilia Tanzania. Mwalimu alikuwa ameliona gari likipanda kilima. Alimshika kijana mkono, akamfungia kwenye chumba cha vifaa vya maabara, akatia ufunguo mfukoni, akarudi ubaoni. Askari aliingia bila kubisha.

"Wewe mwalimu, iko wapi ile kijana?"

"Nilimfukuza, afande. Hesabu ilimshinda."

"Mbona hukusema kwa sisi?"

"Afande, nikija kuwaambia kila mtoto anayeshindwa hesabu, mtapata saa ngapi ya kulinda nchi?"

Askari alimtazama. Kisha akacheka, cheko kubwa la tumboni, akampiga mwalimu bega akaondoka. Mwalimu akageuka, akamalizia mlinganyo aliouacha nusu, na mkono wake ukaandika sawasawa kama kawaida. Kijana yule yuko hai hadi leo, nchi za nje, ana watoto.

Mnadhani kisa hiki kinanipoza? Kinanichoma zaidi. Kwa sababu ndipo ninapojua kwamba hakuwa mwoga. Aliweza kumdanganya mtu mwenye bunduki, macho kwa macho. Alichoshindwa ni kumwambia msichana mmoja neno moja: jaribu.

Msichana huyo ni dada yangu Akello.

Baba yetu alikuwa sajini wa polisi, Mwacholi wa kaskazini, kabila ambalo watawala walilishuku, Mkatoliki wa kwenda misa hata akiwa na homa. Mama ni Mnubi wa Bombo, Mwislamu. Id yetu ilikuwa msikitini Kibuli na Krismasi yetu ilikuwa kanisani, na sisi watoto tulikula pilau pande zote mbili bila kuona tatizo. Asubuhi moja Baba aliitwa makao makuu kwa mkutano mfupi. Mama alimpigia pasi sare. Akatoka, akaturudia mlangoni kuchukua kitambaa chake cha mkononi, akatoka tena. Hakurudi. Makao makuu walisema hawakumwita. Baada ya muda tuliambiwa tuhame kambini, kwa kuwa nyumba ni ya askari na sisi hatuna askari, tukapata chumba nyuma ya duka la mpiga chapa hapo hapo Wandegeya. Mama akaanza kukaanga chapati mbele ya mabweni ya wanafunzi wa chuo kikuu.

Wateja wake wakubwa walikuwa wanafunzi wa tiba. Walikula wamesimama, wakiulizana majina ya mifupa kabla ya mitihani, na Akello, aliyekuwa akisukuma unga, aliyashika yote. Siku moja mmoja alikwama kwenye mfupa wa mguuni, akapiga kidole kwenye paji la uso, na Akello akamtajia bila kuinua macho. Vijana wakapiga kelele. "Mama, huyu binti yako ni daktari tayari! Tupe chapati ya pili tusherehekee!" Mama akawapa bure. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona anacheka tangu Baba aitwe. Tangu siku hiyo neno tiba lilikaa chumbani kwetu kama mtu wa nne.

Siku ya kupimwa darasa la Akello, mwalimu alichukua chaki nzima. Alikuwa bado na chaki za kweli wakati huo. Aliishika muda mrefu. Kisha, na hili halijawahi kuonekana, hakuivunja wala hakumpa. Aliirudisha kwenye sanduku.

"Jumapili uje na mama yako," alisema.

Tulikwenda watatu. Mama alijifunga mtandio wake mzuri. Tulikaa mkekani mpaka wengine wakaisha, na huko nyuma ya ukuta wa jumba kuruta walikuwa wakiimba.

"Mama," mwalimu alianza, "huyu binti ni chaki nzima."

Mama alishika kifua. "Alhamdulillahi."

"Ngoja. Akili ni nzima. Jina ndiyo imevunjika."

Akaendelea, kwa sauti yake ile ya daktari. "Jina la baba yake serikalini wanalijua. Wakiliona kwenye fomu, hawatafika kwenye alama. Wewe una kaka jeshini, sivyo?"

"Niko naye. Kapteni."

"Basi mjomba aandikwe kama baba. Na binti achukue jina lake. Ni Wanubi, ni watu wa serikali. Ataingia, mama. Nakuambia ataingia."

"Mjomba hajakanyaga kwetu tangu Baba aitwe," Akello alisema. "Akituona sokoni anavuka barabara."

"Mtoto, sikuuliza nani anakulisha. Nimeuliza nani ana nyota begani."

Mama alimgeukia. "Ni karatasi tu, binti yangu. Baba yako ataelewa."

"Akirudi akauliza Akello ni binti wa nani, ataambiwa nini?"

"Bambi," alisema mwalimu. Ni neno la Kiganda la kumhurumia mtu, laini kama kitambaa cha mtoto. "Bambi. Baba yako harudi."

Hakuna mtu aliyekuwa ametuambia hivyo. Si kasisi, si majirani, si Mama mwenyewe usiku anaposali. Hatukuwa tumekaa matanga, kwa kuwa huwezi kukalia matanga mkutano mfupi. Na mtu huyu, barazani kwake, Jumapili mchana, alitupa kifo cha baba yetu kama jibu lililo nyuma ya kitabu cha hesabu. Mama alifunika uso na mtandio.

"Umeuona mwili wake, Mwalimu?" Akello aliuliza.

"Sijauona."

"Basi usihesabu usichokiona."

Mtu mwingine angekasirika kujibiwa hivyo na msichana wa shule. Yeye alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Kale, haya basi. Kama jina ni hilo, weka chuo cha ualimu mbele. Huko watakuchukua. Ukiweka tiba mbele utaanguka mpaka chini, na chini hakuna kitu. Mimi sifungi mlango, mwanangu. Nakuambia tu kwamba umefungwa."

Tulirudi Wandegeya kwa miguu. Tulipofika chumbani, Mama alifanya jambo ambalo kwetu halifanywi. Kwetu binti humpigia mama magoti, anapomsalimia, anapompa maji. Mama alipiga magoti mbele ya Akello, kwenye sakafu ya saruji, akamshika miguu.

"Baba yako alikuwa na kichwa kigumu kama chako," alisema. "Nimempoteza yeye. Sikupotezi wewe. Ukikosa kila kitu utakaa hapa kwenye chapati, na hao wanafunzi wa tiba wanapita kila siku, wanakutazama. Andika alivyosema."

"Mama, inuka."

"Andika."

Akello aliandika. Jina la Baba aliliandika lote, na cheo chake. Lakini juu, kwenye chaguo la kwanza, akaandika chuo cha ualimu.

Matokeo yalipotoka alikuwa wa kwanza shuleni kwetu. Mwalimu alimsimamisha mbele ya shule nzima, akasoma alama zake moja moja kwa fahari, na shule ikapiga makofi. Chuo cha ualimu kilimchukua mara moja. Kitivo cha tiba hakikuwahi kuliona jina lake, kwa sababu hakuna aliyekipelekea. Jioni majirani walikuja kutupongeza, na mmoja wao, mwanamke mwema aliyewahi kutukopesha jiko, alisema, "Mmeona? Yule mwalimu hakosei."

Muhula ulipoanza, msichana mgeni alikuja kununua chapati. Alikuwa na koti jeupe jipya la wanafunzi wa tiba, bado lina mikunjo ya dukani. Mama alimuuliza, kama alivyowauliza wote, "Kwenu wapi, binti?"

"Kitgum, mama."

Mama aliinua uso. Akamuuliza jina. Lilikuwa jina la kaskazini kama letu, la wazi, lisiloweza kufichwa hata gizani. Msichana alitoka shule ya misheni upande mwingine wa mji. Mama akamuuliza huko nani aliwapimia machaguo, naye hakuelewa swali. Alisema kulikuwa na sista mzee, sikio moja limeziba, ambaye aliwaambia waandike wanachotaka ilimradi mwandiko usomeke. Akello alikuwa ameshaondoka kwenda chuo. Mimi ndiye niliyemuuliza alama zake. Zilikuwa nzuri. Zilikuwa chini ya za Akello.

Chapati iliyokuwa kikaangoni iliungua mpaka moshi ukawa mweusi, na Mama hakuigeuza.

Ndipo nilipofanya hesabu mimi mwenyewe, mimi ambaye hesabu sikuijua kamwe. Mwalimu hakukosea kwa sababu hakuna aliyemwambia hapana akathubutu kwenda kuona. Kila aliyepewa nusu alichagua nusu. Kila aliyepewa kichwa alikwenda na kichwa. Mwisho wa mwaka utabiri ulitimia, na kwa nini usitimie? Ukimwambia mtu mto haupitiki, akakaa ukingoni, je, unaweza kujisifu kwamba hakuvuka?

Sisemi milango ilikuwa wazi. Nimekua katika miaka ile, najua nani alikuwa mlangoni. Watu walichukuliwa kutoka mabwenini mchana kweupe, maprofesa walitoroka wakiacha miwani mezani. Msichana wa Kitgum huenda alipenya kwa bahati, huenda karani alikuwa na usingizi. Lakini bahati haimkuti mtu ambaye jina lake halikupelekwa. Watawala wale, pamoja na medali zao na redio yao na magari yao yasiyo na namba, hawakuhitaji kumweka askari kwenye lango la chuo kumkataza dada yangu. Walikuwa na mwalimu wa hesabu, aliyemrudisha akiwa bado barazani Mengo, kwa upole, kwa nia njema, bila mshahara. Kazi yao aliifanya vizuri kuliko wao. Wao wangeacha damu. Yeye aliacha shukrani.

Alipenda mpira, na huko alikuwa mtu mwingine. Siku zote alishabikia timu inayofungwa. Ikiwa nyuma kwa mabao manne, dakika zikiyoyoma, alikuwa akisimama kwenye nyasi, koti limemvuka bega, akipiga kelele, "Bado! Bado! Mpira hauna mwisho!" Nilikuwa nikimtazama nikijiuliza matumaini hayo yote huyahifadhi wapi siku za kazi.

Sasa niseme mapema, ili asiwepo wa kungoja vigelegele: Akello alikuja kuiomba tiba, na hawakumchukua. Barua ilisema nafasi zimejaa. Ilikuwa na muhuri, na sahihi ya mtu tunayeweza kumchukia kwa haki. Ninachotaka kusimulia ni siku aliyokwenda kuomba sahihi.

Alikuwa amefundisha shule ya msingi kwa miaka kadhaa. Alirudia mtihani kama mtahiniwa wa nje, akasoma kwa taa ya mafuta chumbani kwa Mama, akapata alama zilezile, zingine zaidi. Fomu ilitaka sahihi ya mwalimu wa shule ya zamani. Kulikuwa na walimu wengine ambao wangeweza kuitia. Akello alisema hapana, ni yeye. Nikamfuata, nikiwa na maneno yangu mdomoni kama mawe.

Baraza lilikuwa lilelile, limejaa. Nyuma ya ukuta kuruta wapya walikuwa wakihesabu. Zamu yetu ilipofika tuliingia ndani. Mwalimu alikuwa amekonda, koti limekuwa kubwa, na mvi zimemshukia mpaka nyusi. Alimtambua Akello kabla hajasalimiwa.

"Chaki nzima," alisema, akatabasamu. Kisha, taratibu, "Baba alirudi?"

"Bado," Akello alisema.

Mwalimu aliinamisha macho. Aliichukua fomu, akaisoma juu mpaka chini. Tiba mbele. Jina la Baba lote.

"Watakukataa, mwanangu."

"Sikuja kupimwa, Mwalimu. Nimefuata sahihi."

"Nchi haijabadilika. Imezidi. Mimi nilitaka kukuepusha na aibu."

"Wakinikataa," Akello alisema, "nataka wanikatae wao."

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumwambia neno kama hilo. Kidole chake gumba kilisugua ukingo wa karatasi, na mimi nikafungua mdomo kutoa mawe yangu, Akello akaniwekea mkono gotini, kumaanisha nyamaza. Mwishowe mwalimu akaomba kalamu, akatia sahihi. Chini ya sahihi palikuwa na mistari ya maoni.

"Niandike nini hapa?"

"Alama zangu za kwanza. Basi."

Hakuuliza zilikuwa ngapi. Aliziandika zote, somo baada ya somo, bila kusita popote, mtu ambaye mamia ya watoto walikuwa wamepita mikononi mwake. Alizikumbuka. Alizikumbuka miaka yote ile! Nilikuwa nimekuja kumchukia kwa raha, naye akaninyima hata hiyo; na nilipotoka nje hasira ilikuwa haijapungua, ila sasa ilikuwa na uzito wa kitu ambacho mtu hawezi kukitupa.

Mkekani alikuwa anayefuata: mwanamke wa kambini, namjua kwa kanga na kwa namna ya kukaa, akimnyoosha binti yake ukosi wa sare. Binti alikuwa na fomu magotini. Akello alisimama mbele yao.

"Umeandika nini?" alimuuliza msichana.

"Bado, dada. Namngoja mwalimu."

"Andika kwanza unachotaka. Ndipo uingie."

Mama mtu alimtazama juu mpaka chini. "Na wewe nani, unafundisha mtoto yangu?"

"Mimi ni mwalimu, mama," Akello alisema.

Msichana alimtazama mama yake, akatazama mlango, kisha akanyoosha mkono kuomba kalamu. Akello akampa. Msichana aliinuka, akaibandika fomu kwenye ukuta wa nyumba kwa kiganja, akainama juu yake akificha maneno kwa bega kama mtu anayeficha moto na upepo. Kutoka ndani sauti ile ya upole ilimwita anayefuata. Ikamwita tena. Msichana alikuwa bado anaandika.